Picha ya vipande 1000 aliyoipanga baba: naigandishaje iwe zawadi kwa shangazi?

Binti wa Igombe

Habari zenu ndugu zangu. Naomba msaada wa yeyote anayejua gundi na mbao. Nitaeleza kwa urefu, kwa sababu nikisema kwa kifupi nitaambiwa "paka gundi tu", na hiyo nimeshaijaribu ikaniliza.

Baba yangu alikuwa fundi mitumbwi hapa Igombe, Mwanza, zaidi ya miaka thelathini. Mwaka jana mwezi wa kumi alipata kiharusi, mkono wa kulia ukalegea, na maneno yakawa machache. Mtaalamu wa mazoezi akasema apewe kazi ya kushika vitu vidogo: kuchambua maharage, kufunga na kufungua vifungo vya shati. Maharage aliyasukuma siku ya tatu. Alisema hiyo si kazi.

Nikiwa mjini nikapita kwenye mitumba, nikaona boksi la picha ya vipande. Ni ile unayopanga kipande kimoja kimoja mpaka picha itimie, watoto wanaiita pazo. Muuzaji hakujua ni kitu gani, akanipa kwa shilingi 4,000. Juu ya boksi kuna ngome nyeupe ya Neuschwanstein, kule Ujerumani, imekaa juu ya mlima wenye misitu, na nyuma kabisa linaonekana ziwa. Baba aliligeuza boksi akauliza kama hao ndio Wajerumani wa Jiwe la Bismarck, lile la ziwani pale Mwanza mjini. Nikamwambia ndio haohao. Akalitazama lile ziwa kwa muda, kisha akaanza kumwaga vipande mezani.

Tuliutoa mlango wa zamani stoo tukaulaza juu ya kreti za soda, ndiyo ikawa meza yake. Alitenga kingo kwanza bila kufundishwa na mtu. Alisema kila chombo kina mkuku wake, yaani uti wake wa chini, na mkuku wa hiki ni kingo. Alianza Januari, akamaliza wiki ya pili ya Juni. Kuna siku aliweka vipande ishirini, kuna siku kimoja. Anga ndiyo iliyomtesa, bluu tupu, vipande zaidi ya mia mbili vyote vinafanana. Mwezi wa nne nilimkuta anaokota kipande kwa kidole gumba na cha shahada cha mkono wa kulia, vidole ambavyo Krismasi havikuweza kushika kijiko. Sikusema neno, nilirudi jikoni.

Sasa anataka picha hii apelekewe shangazi, mdogo wake, aliyeko Nansio, kisiwani Ukerewe. Tangu baba augue shangazi hajaruka wiki bila kututumia dagaa au sato wa kukausha kwa meli. Baba ameonyesha picha, akaonyesha ziwani upande wa Ukerewe, akasema "Yule." Basi.

Shida zangu ni hizi. Niliwahi kujaribu na picha ndogo ya vipande 500 ili nijifunze. Niliipaka gundi nyeupe juu, nikaiacha barazani usiku ikauke, taa inawaka. Mnaokaa ziwani mmeshajua kilichotokea. Asubuhi wale wadudu wa ziwani walikuwa wamenasa kwenye gundi, mamia, picha nzima imekuwa kama imenyunyiziwa pilipili manga. Halafu ikajikunja kingo zote nne kama jani kavu. Siwezi kufanya kosa hilo kwenye kazi ya baba, maana haina ya pili.

La pili, kipande kimoja hakipo, pembeni ya mnara, kwenye anga. Tumefagia nyumba nzima. Nadhani hakikuwemo tangu mitumbani.

La tatu linanisumbua zaidi. Upande wa msituni kuna vipande viwili amevilazimisha, kimoja kimekaa mahali pa mwenzake. Ukitazama vizuri unaona kijani hakiendani. Nivibadilishe kimyakimya kabla ya kugandisha, au niviache?

Seremala Mabatini

Dada, pole kwa kuuguza na hongera kwa mzee. Usiguse kitu mpaka uwe na vifaa vyote mkononi. Nitakueleza ninavyofanya mimi, nimeshagandishia wateja picha kama hizi nne au tano.

Kilichokunja ile ndogo ni kupaka upande mmoja. Gundi nyeupe ina maji. Kadibodi ikinywa maji hutanuka, ikikauka husinyaa na kuvuta. Ukiipaka upande mmoja tu, upande huo ndio unaovuta, na picha lazima ipinde. Tiba yake ni mbili: paka nyembamba, na kandamiza wakati wa kukauka.

Picha ya vipande 1000 huwa na urefu wa kama sentimita 70 na upana wa 50, kuzidi au kupungua kidogo. Tafuta plaiwudi mbili kubwa kuliko hapo, kila upande izidi kiganja kimoja. Moja iwe ya milimita 6, ndiyo itakayobaki na picha maisha yake yote. Nyingine hata ikiwa nyembamba ni ya kugeuzia tu. Nunua na nailoni ya mita, ile pana ya kufunikia. Gundi nyeupe haishiki kwenye nailoni, kwa hiyo ndiyo itakayokuokoa kila mahali.

Mimi huanza na mgongo wa picha. Watu wengi hukimbilia usoni, na kosa lolote la usoni linaonekana milele. Ukianza mgongoni, makosa yanakwenda ukutani. Futa vumbi kwa brashi kavu, pitisha kijiti cha kusukumia chapati juu ya picha taratibu ili vipande vilingane kimo. Weka plaiwudi ya kugeuzia ikiwa na nailoni juu yake, ikutane na mlango kimo kwa kimo, halafu watu wawili mtelezeshe picha kutoka mlangoni kwenda kwenye plaiwudi. Vipande vimeshikana, vitakuja pamoja msipokuwa na haraka. Funika na nailoni nyingine, laza plaiwudi ya pili juu, funga kwa raba za tyubu ya baiskeli pande zote nne. Sasa geuzeni kwa pamoja, kwa hesabu moja mbili tatu. Fungua. Mgongo uko juu.

Mimina gundi kidogo katikati, isambaze kwa kadi ngumu ya plastiki kuelekea nje. Iingie kwenye nyufa, isibaki dimbwi. Usiichanganye na maji ukidhani unabana matumizi, maji ndiyo adui. Funika na nailoni, rudisha plaiwudi, pandisha dumu mbili za lita 20 zenye maji juu yake. Iache usiku kucha na mchana wake. Gundi ikiwa bado nyeupe mahali, bado haijakauka. Ikikauka inakuwa kama kioo.

Baada ya hapo paka gundi kwenye ile plaiwudi ya milimita 6, laza picha, kandamiza tena siku nzima. Usoni paka mkono mmoja tu, yaani tabaka moja, mwembamba kabisa, mwishoni. Na nyuma ya plaiwudi piga rangi ya mafuta. Usiruke hatua hii. Ubao uliofunikwa upande mmoja nao hupinda, halafu mchwa na unyevu huingilia nyuma kusikoonekana.

Kitu kimoja zaidi: mtu akikushauri utumie gundi ya uji wa ngano kama tuliyotengenezea tiara utotoni, mkatalie kwa heshima. Mende wanaila, na picha itaondoka nayo.

Kuhusu vipande viwili vya msituni, mimi nisingegusa kazi ya fundi mwingine bila kumuuliza. Muulize mzee.

Mama Trei wa Kirumba

Mwanangu nimesoma nikiwa dukani nikasimamisha kazi. Mungu amzidishie nguvu mzee.

Fundi hapo juu amemaliza upande wa mbao, mimi niongezee la wadudu na la zawadi yenyewe, maana natengeneza trei na vikalio vya glasi nauza hapa Kirumba.

Wadudu wale huwa wengi zaidi mwezi unapokuwa mpya, usiku wa giza. Mimi nina kalenda ya mwezi ukutani kwa ajili ya vanishi tu. Paka gundi asubuhi, ndani, madirisha yenye wavu, na jioni usiwashe taa chumba hicho. Ukiweza subiri mwezi uwe mpevu. Nimeshapoteza trei sita kwa usiku mmoja, najua uchungu wake.

Usiifanye trei. Wengi watakushauri hivyo kwa sababu inapendeza, lakini trei ya sentimita 70 nani ataibeba? Na chai ikimwagika, ile gundi nyeupe ikipata maji inalainika na kurudi kuwa nyeupe. Trei inataka kioo juu au epoksi, ile ya kuchanganya chupa mbili ikagande kama kioo, na epoksi ukiikosea vipimo haigandi, inabaki kunata. Picha hii itundikwe. Fremu ikiwa na kioo, mwambie mtengenezaji aweke vijiti vyembamba pembeni ili kioo kisiguse picha. Kikigusa, jasho la masika litavigandisha pamoja na siku ya kubadilisha kioo uso wa picha utatoka nacho.

Ukitumia vanishi badala ya kioo, chukua inayochanganywa na maji. Ile ya mafuta inageuka njano kadiri miaka inavyokwenda, na ngome yenu ni nyeupe. Ijaribu kwanza kwenye ile ndogo iliyoharibika, usiitupe. Ile ndogo kata sehemu zilizo safi bila wadudu, zibandike kwenye vipande vya plaiwudi vya sentimita 10 kwa 10, utapata vikalio vya glasi vinne au sita. Chini bandika kitambaa kizito. Hiyo ni zawadi ya pili bila gharama.

Shangazi aambiwe asiitundike panapopigwa na jua. Rangi ya karatasi hufa kwa jua haraka sana. Mimi nyumba yangu inatazama ziwa, jua la jioni linaingia mpaka chumbani, picha ya harusi yangu imebaki ya bluu.

Mwalimu Mstaafu, Ukerewe

Salamu kutoka upande wa pili wa maji. Nilifundisha jiografia, na michezo hii ilianzia kwenye somo langu. Miaka ya 1760 mchonga ramani wa London, John Spilsbury, alibandika ramani juu ya ubao akaukata kwa kufuata mipaka ya nchi, ili watoto wajifunze kwa kuzirudisha nchi mahali pake. Za kadibodi zilikuja baadaye sana. Kwa hiyo tangu mwanzo kitu hiki kilitengenezwa kifumuliwe na kupangwa upya, na ndiyo maana mimi naona vibaya kukigandisha.

Nipendekeze njia nyingine. Igeuzeni kama alivyoeleza fundi, lakini badala ya gundi chukueni kalamu ya wino usiofutika. Mzee na kila mtu wa nyumbani amwandikie shangazi barua mgongoni, kuanzia kona hadi kona. Kisha ifumueni, irudi kwenye boksi, ipande meli. Shangazi ili aisome barua itabidi aipange yote, akae na kila kipande alichoshika kaka yake. Sisi wazee jioni zetu ni ndefu. Kazi ya miezi mitano kwa mtu anayekupenda ni zawadi, wala si mzigo.

Binti wa Igombe

Fundi, Mama, Mwalimu shikamoo, asanteni sana wote. Mwalimu, wazo lako lilinikosesha usingizi kwa sababu ni zuri. Nilimsomea baba. Alisikiliza mpaka mwisho akatikisa kichwa. Shangazi macho yake hayaoni vizuri karibu, ana ukungu jicho moja, hawezi vipande vidogo. Anachoweza ni kupapasa. Lakini barua mgongoni tutaandika kabla ya gundi, gundi si inakauka kama kioo? Fundi, wino hautachafuka? Na ile plaiwudi si itaifunika barua?

Kuhusu vipande vya msituni nilimuuliza, nikamwonyesha kwa kidole. Aliinama akatazama, akaniondoa mkono. Akasema "Niachie." Alivifumua mwenyewe pamoja na majirani zake sita, akavirudisha. Ilimchukua siku mbili. Ningevibadilisha usiku nisingemtendea haki, nashukuru sana fundi kwa kunizuia.

Limebaki lile tundu kwenye anga.

Seremala Mabatini

Barua ukiibandika kwenye plaiwudi imezikwa. Iandikeni kwenye karatasi, muibandike nyuma ya ubao rangi ya mafuta ikishakauka, ndani ya mfuko wa nailoni uliopigwa pini pembeni. Atakayemsomea aweze kuitoa.

Tundu: laza karatasi juu yake, sugua kwa ubavu wa penseli, umbo litajichora na vichwa vyake vyote. Hamishia umbo hilo kwenye plaiwudi ya milimita 3. Kata kwa kisu chembamba ukiacha unene wa uzi nje ya mstari, kisha malizia kwa msasa, kidogokidogo, ukijaribisha kila mara. Kadibodi ya picha huwa na unene wa milimita 2 hivi, kwa hiyo mgongo wake nao upunguze kwa msasa.

Lakini dada, nyumbani mna fundi mitumbwi. Mtu aliyekuwa akiunganisha mbao hadi maji yasipite, kipande hiki anakijua kuliko mimi.

Binti wa Igombe

Ndugu zangu, narudi baada ya wiki tano na majibu.

Nilimpelekea baba karatasi yenye umbo, kipande cha plaiwudi na msasa. Alikitazama kile cha plaiwudi akakiweka pembeni. Alinituma stoo, kwenye boksi la vifaa vyake ambalo halijafunguliwa tangu augue. Akatoa kibanzi cha mbao ya mtumbwi wake wa mwisho, kekundu hivi, kama unene wa mwiko. Kukata nilikata mimi, kwa sababu kisu bado hakimtii, na mdogo wangu alikishikilia. Msasa aliupiga mwenyewe. Siku nne. Alikuwa anakijaribu, anasikiliza, nasema kweli alikuwa anakiinamishia sikio kikiingia, anakitoa, anapiga tena mara tatu, anakijaribu. Kilipoingia hakikuhitaji gundi.

Nilitaka kukipaka bluu kifanane na anga. Nilishaazima rangi za shule za mtoto. Alikataa, kikabaki na rangi ya mbao yake.

Kugeuza tulifanya watu watatu, kwa raba za tyubu kama fundi alivyosema. Kona moja ilitaka kufunguka, vipande vitano vikadondoka, baba akavirudisha bila kuangalia boksi. Gundi tulipaka asubuhi mwezi ukiwa mpevu, na mama alilala na njaa ya taa, chumba kile kilibaki giza siku tatu. Mdudu mmoja tu aliingia, yuko kwenye msitu, ukimtafuta utadhani ni ndege. Haikupinda hata kidogo. Nyuma tulipiga rangi ya kijani iliyobaki ya boti ya jirani. Hatukuweka kioo, kwa sababu ya mikono ya shangazi. Mama, vanishi ile ya maji tulipaka mikono miwili, imetulia kabisa, ngome bado nyeupe.

Tuliifunga kwa blanketi na kadibodi za boksi la televisheni, na mimi ndiye niliyepanda nayo meli ya Nansio, nimeiegesha magotini safari nzima sikuiweka chini.

Shangazi aliiweka kitandani akaanza kuipapasa kutoka kushoto. Anapitisha vidole kwenye kila mstari anauliza, hapa ni nini, nami namwambia, hapa ni mlima, hapa ni dirisha, hapa ni maji. Alipofika kwenye anga vidole vikasimama. Akarudi nyuma, akapita tena. Akaniuliza hiki mbona ni mbao. Sikujibu. Alikikwangua kidogo kwa ukucha, akanusa ukucha wake, akasema jina la baba, lile la utotoni ambalo hata sisi watoto hatulitumii.

Ametundika sebuleni, ukuta usiopata jua. Kaniambia nimtumie baba boksi jingine, safari hii atalipia yeye.

Swali langu la sasa: kuna anayejua mjini zinakopatikana za vipande 1000 ambazo picha yake haina anga kubwa? Na vikalio vya glasi vimefika vitano, Mama, kimoja nimekuwekea, nikipita Kirumba Jumamosi nitakuletea.

Mama Trei wa Kirumba

Njoo mwanangu, nipo mpaka saa kumi na mbili. Kuna kijana hapa jirani anafungua mabelo ya vitu vya watoto Alhamisi, nimeshamwambia akiona boksi la vipande asiliuze kabla sijaliona. Ila mhesabu vipande kabla hujalipa. Au uache, mzee ana mbao.